Toyota: Kutoka Mashine za Kufumia Nguo hadi Kivuko cha Pangani

Kampuni ya Toyota, ambayo magari yake yamekuwa yakivushwa kwa kivuko kati ya Pangani mjini na Bweni nchini Tanzania, ilianzishwa rasmi nchini Japani mwaka 1937 na Kiichiro Toyoda, mwana wa Sakichi Toyoda, aliyevumbua mashine ya kufumia nguo iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika, uvumbuzi ambao haki zake ziliuzwa mwaka 1929 kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza.

Gari lililoijengea kampuni hiyo heshima kubwa kuliko yote katika barabara za vumbi na matope ni Land Cruiser, lililotokana na gari la BJ la mwaka 1951 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1954. Bomba linalopanda kando ya kioo chake cha mbele, liitwalo mkonga, huvuta hewa ya injini kutoka juu, mbali na maji. Basi dogo la HiAce, ambalo wasafiri walilizoea kwa jina la kipanya, lilifuata mwaka 1967.

Kwa kuwa Japani na Tanzania zote huendesha kushoto, magari yaliyotumika Japani huingia Tanzania bila usukani kuhamishwa.