Petroli ya mashindano: Kinga ya injini ya turbo, si dawa ya kasi

WAPENZI wengi wa mbio za magari wanaoingia uwanjani na magari yaleyale wanayokwenda nayo kazini huamini kuwa petroli ya mashindano huongeza nguvu mara tu inapomiminwa katika tangi. Imani hiyo si sahihi. Kazi ya kwanza ya petroli hiyo ni kuilinda injini ya turbo isijivunje yenyewe, na faida ya kasi hupatikana tu iwapo injini imerekebishwa ili kuitumia.

Kipimo kinachoitofautisha petroli moja na nyingine ni oktani, yaani uwezo wa mafuta kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwasha kabla ya wakati. Oktani haipimi nguvu iliyomo katika lita moja. Baadhi ya petroli za mashindano zilizochanganywa na alkoholi huwa na nishati ndogo kwa lita kuliko petroli ya kawaida, na injini huhitaji kupewa mafuta mengi zaidi ili ifanye kazi ileile.

Turbo ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa inayogandamizwa hupata joto. Joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Mafundi husema injini “inagonga”. Mgongano huo ukiendelea kwa sekunde chache tu chini ya mzigo mkubwa, pistoni hupasuka, ringi hukatika au gasketi ya silinda huungua.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa sehemu za miinuko kama kata ya Nyakakika na maeneo mengine ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Katika mwinuko wa mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani moja ya saba. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu mahali hapo, lakini pia huhitaji oktani ndogo zaidi. Injini ya turbo haipati nafuu hiyo kikamilifu, kwa kuwa turbo huzunguka kwa kasi zaidi kufidia upungufu, na hewa inayoingia huwa ya moto zaidi. Aidha, gari lililorekebishwa Karagwe likishushwa hadi Dar es Salaam hukutana na hewa nzito na joto la pwani, hivyo marekebisho yaliyokuwa salama milimani yanaweza kuwa hatari huko.

Kiini kingine cha tatizo ni asili ya magari yenyewe. Magari mengi ya turbo yanayoonekana Afrika Mashariki, yakiwamo Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, yaliingizwa yakiwa yametumika Japani. Matoleo ya soko la Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa kawaida huwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vya Tanzania haifiki kiwango hicho. Kompyuta ya injini, kwa msaada wa sensa ya mgongano, huchelewesha cheche ili kuinusuru injini, na dereva hupoteza nguvu bila kujua sababu. Gari la namna hiyo linaweza kurejeshewa nguvu yake ya asili na petroli bora. Gari ambalo tayari linatumia oktani inayolitosha halipati chochote, isipokuwa fundi aongeze shinikizo la turbo na kurekebisha muda wa cheche.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza. Dereva anayetoka Nyakakika, akavuka mpaka wa Mutukula kwenda kushindana Busiika, nchini Uganda, akiwa na injini iliyorekebishwa kwa oktani zaidi ya 100, atalazimika kujaza petroli ya kawaida njiani wakati wa kurudi. Asiporejesha marekebisho ya kawaida kabla ya kuondoka uwanjani, mlima mmoja mrefu unaweza kutosha kuiua injini. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huongeza hatari hiyo, kwa kuwa mafuta ya taa yana oktani ndogo mno.

Mnunuzi anapaswa pia kusoma namba kwa uangalifu. Afrika Mashariki, Ulaya na Japani hutumia kipimo cha RON. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON, hivyo petroli ya 93 ya huko inakaribia 98 ya RON. Kwa upande wa mashindano, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinaweka ukomo wa RON 102 kwa petroli ya magari ya rali.

Jambo lingine ni madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani mwaka 2021. Hata hivyo, baadhi ya petroli za mashindano, pamoja na petroli ya ndege ndogo inayojulikana kama 100LL, bado zina risasi. Risasi huharibu kichujio cha moshi na sensa ya oksijeni ya gari la barabarani, na ni sumu kwa binadamu, hasa watoto.

Turbo si ngeni katika ukanda huu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishuhudia Toyota Celica ya turbo ikishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Lakini magari hayo yalihudumiwa na timu za mafundi zilizojua kilichomo ndani ya kila tangi.

Kwa mwenye gari moja la kazini na la uwanjani, utaratibu salama ni huu: kutumia petroli isiyo na risasi; kuwa na programu mbili za kompyuta ya injini, ya uwanjani na ya barabarani; na kumaliza mafuta ya zamani kabla ya kujaza mapya. Mchanganyiko hupunguza oktani: lita 20 za RON 102 zikikutana na lita 20 za RON 95, matokeo ni takribani 98.5. Petroli ihifadhiwe katika chombo cha chuma kilichofungwa vema, kivulini, mbali na moto na makazi ya watu.

Asiyeweza kutimiza hayo ni heri apunguze shinikizo la turbo na kushindana kwa petroli ya kawaida. Atachelewa sekunde chache uwanjani, lakini atarudi nyumbani akiendesha gari lake.