Godoro Lenye Mdomo

Godoro la kwanza nililolilalia lilikuwa na mdomo. Mama alilishona kwa magunia mawili, akaacha nafasi ya upana wa mikono miwili upande wa miguuni, akaifunga kwa kamba ya katani ambayo ukiivuta mara moja mshono wote unafumuka. Ndani mlijaa nyasi kavu. Tulikuwa tukiishi landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Kisumu, chumba kimoja, na kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajaanza kushuka kwenye gari moshi, mdomo ule ulifunguliwa.

Nyasi zilizoingia zikiwa za manjano zilitoka zimesagika kama pumba. Pale kitinda mimba wetu alipokuwa akikojoa usiku zilikuwa zimeganda, nyeusi. Mama alizichoma nyuma ya nyumba, akayachemsha magunia kwenye pipa kwa sabuni ya kipande, akayaanika juu ya ua. Kitanda cha chuma nacho kilitolewa nje, kikamiminiwa maji yaliyotoka kuchemka kwenye kila kiungo na kila springi, maana huko ndiko kunguni hutagia. Baadaye mama alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa na kuupitisha palepale. Sisi watoto tulitumwa kukata nyasi upande wa Kibos. Zilikaa juani siku tatu. Siku ya nne mama alishika konzi moja, akaivunja karibu na sikio lake. Zisipolia, zilirudi juani.

Kwa mama, kusafisha godoro kulikuwa ni kulibadilisha tumbo. Sikumbuki hata mara moja akisugua doa. Doa lilikuwa la nyasi, na nyasi ziliishia motoni.

Nyanya yangu, mamake mama, alikaa Dunga, na yeye hakuwahi kumiliki godoro. Alilalia par, mkeka wa mafunjo ya ziwani, ambayo Waluo huyaita togo. Katika ujana wake, alituambia, wazee walilalia pien, ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa kwa kuwambwa chini. Ngozi ilikung'utwa na kugeuzwa, ikaanikwa jua la asubuhi. Par ilikuwa na kazi ndogo kuliko hiyo: ilikunjwa kila kulipokucha ikasimamishwa ukutani, na sakafu ya udongo ikafagiliwa. Kitu kinachosimama mchana kutwa upepo ukipita hakiwezi kuvunda. Chini yake nyanya alitandika majani ya kivumbasha, yenye harufu kali, kuwafukuza wadudu. Miaka mingi baadaye watafiti walikuja kuyapima majani ya jamii hiyo kisiwani Rusinga, kuona yanavyofukuza mbu. Nyanya hakuwepo tena kusikia. Par ikizeeka ilichomwa, na mafunjo mengine yalikuwa yakimsubiri ng'ambo ya mlango, bure.

Magunia yalikuja na reli. Reli ilifika ufukweni hapa Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa njia. Kwa miaka mingi pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli hadi gatini Kisumu ndipo ikapandishwa mabehewa kwenda Mombasa, na hali ilikuwa hivyo kabla ya njia ya reli kufika Kampala mwaka 1931. Mji ukajaa mizigo, na mzigo ukishuka huacha gunia tupu. Mtu wa landi, aliyetoka kwao akiwa na par peke yake, akapata kitanda cha chuma kinachohitaji kitu kinene juu yake. Nyasi za kwao na gunia la bandarini vikakutana hapo. Ninaliona godoro lile kuwa kitu cha Kisumu kabisa, ingawa najua watoto wa bweni sehemu nyingi za nchi walilalia la aina hiyohiyo.

Kati ya nyasi na sponji tulipitia pamba. Hiyo ilikuwa enzi ambayo kiwanda cha pamba cha Kicomi kilikuwa bado kinanguruma. Mama alipata pesa kidogo, akanunua pamba ya mabaki sokoni Kibuye, akashona godoro la kitambaa cha milia. Nalo lilikuwa na mdomo. Pamba haitupwi kama nyasi. Inashikamana mabonge, basi kila baada ya miezi kadhaa tuliitoa yote kwenye mkeka, tukaichambua kwa vidole bonge baada ya bonge mpaka ikafura, tukairudisha. Kazi hiyo ilikula Jumamosi nzima, na ni katika Jumamosi hizo niliposikia habari nyingi za ukoo wetu. Mikono ikishughulika mama aliongea.

Kisha sponji. Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani waligundua kemia yake mwaka 1937, na katika miaka ya 1950 povu laini la kulalia likaanza kutengenezwa viwandani. Kwetu liliingia mwaka 1978, jembamba, la inchi nne, baba akilibeba kichwani kutoka stendi. Tulililalia usiku huo kama watu waliopanda mbinguni. Asubuhi mama aliligeuza huku na huku, akalipapasa kingo zote nne, kisha akamuuliza baba, "Baba Atieno, hili linafunguliwa wapi?"

Swali hilo sijalisahau. Sponji lilikuwa malazi ya kwanza kwetu yasiyoweza kutolewa matumbo. Jasho, maziwa ya mtoto, mkojo, vumbi, vyote vinaingia na hakuna mlango wa kuvitolea. Katika miaka ya 1960 Voorhorst na Spieksma, watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kuwa vumbi la nyumbani huwadhuru wenye pumu kwa sababu ya utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaokula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevunyevu. Mama hakuwasoma, lakini alijua godoro lisilopata jua humkohoza mtoto.

Basi akajifunza upya, nami nikajifunza kwake, na hivi ndivyo ninavyofanya hadi leo hapa Nyalenda. Ganda la godoro huvuliwa na kufuliwa. Sponji husimamishwa wima nje na kupigwa kwa ufito, kutoka juu kwenda chini, mpaka vumbi liishe kutoka. Damu hutolewa kwa maji baridi, kwani ya moto huipika ikang'ang'ania. Mkojo hukandamizwa kwa taulo kavu kwanza, kisha kitambaa chenye siki na maji, kisha taulo tena. Baadaye hunyunyiziwa magadi ya dukani, yale ya kuumulia, yakaachwa saa kadhaa kunyonya harufu, ndipo yakapigwa brashi. Usilimwagie maji kamwe. Sponji linakunywa kuliko ng'ombe wa kiangazi.

Na jua la Kisumu lina saa zake. Asubuhi ni lako. Mchana upepo wa ziwani unaingia, mawingu yanarundikana kuelekea milima ya Nandi, na alasiri mvua inaweza kushuka huku bado unatafuta mtu wa kushika upande wa pili. Kuna pia siku za usubi wa ziwani, unaopanda juu ya maji kama moshi. Usubi huo ukitua kwenye godoro lenye unyevu, itakubidi uanze kazi upya. Mimi hutoa godoro saa mbili asubuhi na kulirudisha saa saba. Hulifunika kwa leso nyepesi, kwa kuwa jua kali hulifanya sponji kuwa la manjano na kuanza kumeguka.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda. Mwezi Mei lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee wa Dunga walikuwa bado wakikisimulia. Mto Nyando nao ukafurika, na maji yakaingia nyumbani kwa dada yangu uwandani Kano. Godoro la kitanda cha chini lilikunywa maji yaliyopitia vyoo vya jirani. Hilo tulilitupa bila mjadala, na yeyote aliyefikwa na hayo namsihi afanye vivyo hivyo, hata kama ni jipya.

La pili lilikuwa limepandishwa juu ya meza. Lililowa kwa mvua ya paa lililotoboka tu. Tulilisimamisha siku nne na bado ukilibonyeza lilitoa maji, na katikati lilianza kunuka uvundo. Dada akaingia ndani, akatoka na kisu cha mboga. Alilikata vipande vya ukubwa wa mkate. Tulivifua kwenye karai kimoja kimoja, tukavikamua, tukavitandaza juu ya bati, na kufikia jioni ya siku ya pili vilikuwa vikavu kabisa. Dada akashona ganda kwa mapazia mawili ya zamani, tukavijaza vipande vile, na upande wa miguuni akaacha nafasi ya upana wa mikono miwili, akaifunga kwa kamba.