Kulanti, kipozaji au maji ya rejeta?

Boneti ya pikapu kuukuu ikifunguliwa katika gereji za kando ya barabara pale Olympic, upande wa Kibera unaopakana na Ayany, neno la kwanza kusikika ni maji. "Fundi, hebu niangalizie maji." "Mzee, yamepungua, ngoja nikuongezee." Mtungi wa lita 20 unaletwa kutoka kibandani, yanamiminwa, boneti inafungwa, safari ya Marikiti inaendelea. Hakuna aliyedanganya. Kilichokuwa ndani ya rejeta ni maji kweli, tena yamegeuka rangi kwa kutu.

Kiowevu ambacho watengenezaji wa gari walikusudia kiwe humo kina jina lake dukani: kulanti. Ni neno la Kiingereza lililovishwa irabu ya Kiswahili, na kwa mnunuzi wa Kibera halisemi lolote zaidi ya kwamba ni maji ya rangi yenye bei. Wanaotafuta neno la Kiswahili hurudi kwenye kitenzi kupoa, na hapo njia zinagawanyika. Kuna kipozaji, kwa mfano wa kisafishaji. Kuna kipozeo, kitu cha kupozea. Mtu anaweza pia kufuata kilainishi, ambalo limekwisha kukubalika kwa mafuta ya kulainisha mitambo, akapata kipozi. Wengine husema na hata kuandika "kupooza injini", nami hilo nalikataa ingawa kamusi inaweza kulitetea: masikioni mwa watu wengi kupooza ni kiharusi, na injini iliyopooza ndiyo hasa tunayoikimbia. Kati ya hayo yote nachagua kipozaji. Linatamkika, linaeleweka bila maelezo, na wingi wake hausumbui.

Lakini kueleweka ni jambo moja na kusema kweli yote ni jambo jingine. Neno kipozaji lina kasoro inayogharimu fedha. Kama kazi yake ni kupoza tu, mwenye pikapu anauliza swali la haki: maji hayapozi? Yanapoza, tena vizuri zaidi. Maji matupu hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko wa maji na ethilini glikoli, kemikali iliyo msingi wa kulanti nyingi. Mwenye gari aliyeambiwa anunue "kipozaji" kisha akasikia hayo ana sababu ya kurudi kwenye mtungi.

Kinachomponza ni yale ambayo jina halikutaja. La kwanza ni kutu. Injini ya Datsun 1200, sawa na ile ya Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa humu nchini, ina kiwiliwili cha chuma na kichwa cha aluminiamu. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji yenye chumvichumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kipozaji huja na kemikali za kuzuia jambo hilo, na kemikali hizo huchakaa. Kiowevu cha kijani cha mtindo wa zamani hukadiriwa miaka 2 hivi. Baada ya hapo rangi inaweza kubaki ileile na kinga ikawa imekwisha. Maji ya visima vya Nairobi, yanayojulikana kwa floraidi na madini mengine, huharakisha mambo kuliko ya bomba yanayoteremka kutoka Ndakaini.

La pili ni kuchemka, na hapa Nairobi ina hesabu yake. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sufuria inayochemka Mombasa kwa nyuzi 100 hapa huchemka kwa nyuzi 94 au karibu na hapo. Thamostati (vali za kuyaachia maji ya injini yapite hadi kwenye rejeta) za injini nyingi za aina hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu. Wahandisi waliipanua kwa njia mbili. Kofia ya rejeta yenye alama 0.9 huacha shinikizo la ndani lipande kiasi cha bar 0.9 juu ya lile la nje, na hapo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Glikoli nayo huongeza nyuzi kadhaa juu yake. Sasa chukua kofia ambayo mpira wake umekatika na rejeta iliyojaa maji ya mtungi, uiweke kwenye foleni ya Naivasha Road kuelekea Kawangware saa kumi na moja jioni, bila upepo wa mwendo, feni peke yake ikihangaika. Umerudi kwenye nyuzi 94. Mara nyingi "gari limechemka" ni habari ya kofia, na kofia ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote chini ya boneti.

Ndiyo maana nadhani gereji inahitaji jina la pili, na Kiswahili kinalo tayari: dawa. Tunasema dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Dawa ya rejeta ingebeba yote ambayo kipozaji kimeacha. Dawa hukinga, ina kipimo, huisha nguvu, na ukiinywa ovyo inaua. Kipingamizi nakijua: poda za kuziba rejeta inayovuja nazo huitwa dawa, na kuchanganya hizo mbili ni hatari, kwa maana poda haichagui tundu la kuziba. Basi kitabu cha ufundi kiandike kipozaji. Fundi anapomweleza mteja kwa nini alipe, aseme dawa. Ila "maji ya rejeta" ningeliacha kabisa. Ukishakiita kitu maji, umempa mtu ruhusa ya kuyachota popote.

Vitenzi navyo vimechanganywa. Kuongeza na kubadilisha ni kazi mbili, na gereji husema "kuflashi" kwa yoyote kati ya hizo kutegemea bei. Kiswahili kina kujaliza, kujaza kilichopungua hadi alama yake, na kina kusuuza, kupitisha maji safi mpaka uchafu uishe.

Kujaliza ni kazi ya dakika moja na haina mengi, ila swali moja: kilichopungua kimekwenda wapi? Mfumo huu umefungwa. Mwenye kujaliza kila asubuhi ana mpira wa bomba uliopasuka, pampu inayodondosha, au gasketi ya kichwa iliyoungua, na hiyo ya mwisho huonekana kwa moshi mweupe usiokoma au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya maziwa. Mtungi hauponyi hata moja kati ya hayo.

Kusuuza ndiko kwenye kazi. Injini iwe baridi kabisa, kwa maana kofia ikifunguliwa moto, shinikizo hushuka ghafla na kilicho ndani hugeuka mvuke usoni mwako. Fungua kizibo cha chini ya rejeta na kile cha ubavuni mwa injini, ambacho wengi hukisahau na hivyo kubakiza uchafu mwingi ndani. Jaza maji safi, washa, ngoja bomba la juu lipate moto, dalili kwamba thamostati imefunguka, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwa pikapu ya miaka thelathini fundi mwaminifu atakuonya mapema: kutu iliyoganda huenda ndiyo iliyokuwa imeziba matundu, na ukiisuuza unaweza kuondoka na rejeta inayovuja ambayo asubuhi haikuvuja. Matundu yalikuwapo, hayakuletwa na fundi, lakini lawama atabeba yeye.

Wakati wa kusuuza ndipo utasikia ushauri maarufu wa kung'oa thamostati "ili maji yapite vizuri". Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hunywa petroli zaidi na huchakaa upesi. Anayeing'oa ameficha rejeta iliyoziba, basi.

Kisha mchanganyiko. Nusu kwa nusu ndicho kipimo cha kawaida, isipokuwa chupa iwe imeandikwa kwamba imeshachanganywa. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyotoneshwa, na hapa pana mtego wa jina: vituo vya petroli huyauza kwa ajili ya betri, kwa hiyo huitwa maji ya betri. Lakini asidi ya kujazia betri mpya nayo huitwa maji ya betri. Soma lebo. Asidi ya salfuriki ndani ya rejeta ya aluminiamu itamaliza kwa muda mfupi kazi ambayo kutu ingeifanya kwa miaka. Wala usiamini rangi. Kijani, nyekundu, waridi, kila kampuni hupaka ipendavyo, na aina mbili zenye kemikali zisizopatana zinaweza kuganda kuwa ute mzito unaoziba mirija. Ukimaliza kujaza, elekeza pua ya gari juu ya mlima, acha injini ingurume bila kofia mpaka mapovu yaishe, ndipo ufunike.

Historia ya kiowevu hiki nayo inachekesha kidogo. Ethilini glikoli ilitengenezwa kwanza na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, na mwaka 1927 ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone ili maji yasigande injini ikiwa nje wakati wa baridi. Chupa nyingi bado hutangaza kinga ya hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Mnunuzi wa Olympic anaweza kuipuuza ahadi hiyo bila wasiwasi. Kizuia-mgando ni istilahi ambayo Nairobi haina kazi nayo.

Kilichomwagwa, hata hivyo, kina kazi nasi. Glikoli ni tamu, na utamu huo huwavuta mbwa na watoto. Kiasi kidogo huharibu figo. Sehemu kubwa ya mitaro ya Kibera huteremka hadi mto Motoine na Bwawa la Nairobi. Kwa hiyo kiowevu cha zamani kikingwe kwenye mtungi wenye kifuniko, usiwe chupa ya soda, na juu yake iandikwe kwa kalamu nzito: SUMU. Hapo kipozaji, kulanti wala dawa havifai.