Ami, nimewapata jamaa zetu wa Uchina (ila sio wale)

Jamaa zangu wote, mlioko Lamu, Siyu, Mombasa na kwengineko. Huku Guangzhou tuko salama, alhamdulillah. Nisameheni kwa kimya kirefu, kazi za hapa haziishi.

Tangu nihamie huku, kila nikipiga simu nyumbani ami huniuliza swali lile lile kisha hucheka: "Je, ushawapata wale jamaa zetu?" Leo nataka kumjibu kwa kirefu, maana nimelifikiria sana.

Kisa mnakijua, lakini nakirudia kwa ajili ya watoto. Bibi alitusimulia kwamba zamani jahazi la Wachina lilipasuka kwenye mwamba karibu na Shanga, kisiwani Pate. Mabaharia wakaogelea hadi pwani. Wenyeji walikuwa wakisumbuliwa na joka, Wachina wakaliua, ndipo wakaruhusiwa kukaa. Wakasilimu, wakaoa, wakazaa. Ndiyo maana, bibi akisema, katika Siyu utaona watu wenye macho membamba na rangi ya maji ya kunde.

Mwaka 2005 Uchina iliadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, yule amiri wa majeshi ya bahari aliyesafiri mara saba kati ya 1405 na 1433. Merikebu zake zilifika mwambao wetu, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Katika sherehe hizo alialikwa binti wa Lamu, Mwamaka Sharifu, ambaye familia yake ya Siyu inajihesabu kizazi cha mabaharia wale. Akapewa nafasi ya kusomea udaktari wa Kichina huko Nanjing. Mnakumbuka furaha ilivyokuwa! Kila nyumba ikaanza kutafuta babu Mchina.

Haya, na historia yenyewe inasemaje? Wako wanaosema jina la Shanga limetokana na Shanghai. Hilo haliwezekani. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba magofu ya Shanga miaka ya 1980, akakuta mji ule ulianza karne ya 8, na misikiti yake ya mwanzo ni ya zamani hizo hizo. Yaani Shanga ilikuwa ikisali Ijumaa zaidi ya miaka 600 kabla ya Zheng He kutia nanga popote. Tena mji ulihamwa karibu na mwaka 1425, wakati safari zake hazijesha. Kweli, vigae vya Kichina vimejaa kwenye magofu yetu, na mwaka 2013 ilipatikana Manda sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyemtuma Zheng He. Lakini sahani na sarafu husafiri bila wenyewe. Mimi hapa kila mwezi natuma makontena ya bidhaa za Kichina Mombasa, na haina maana kwamba kila mnunuzi ana mjomba Guangzhou!

Sasa nije kwa mzee.

Ijumaa huwa nasali kwenye msikiti ulio kando ya kaburi ambalo Waislamu wa hapa husema ni la sahaba Abu Waqqas. Huko hukutana Waafrika, Waarabu na Wahui, yaani Waislamu wa Kichina. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa Kihui, kofia nyeupe na ndevu chache, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, mwambao. Akatabasamu, "Zheng He!", akajigusa kifua kisha akanigusa mimi. Ndugu. Zheng He mwenyewe, mkumbuke, alikuwa mtoto wa Kiislamu kutoka Yunnan, na ukoo wake hunasibishwa na Sayyid Ajall wa Bukhara.

Nilicheka tu siku ile. Lakini baadaye nikajiuliza: Wahui hawa wametoka wapi? Jibu likanirudisha nyumbani.

Zaidi ya miaka elfu iliyopita Guangzhou iliitwa Khanfu na mabaharia wa Ghuba. Waajemi na Waarabu walikuwa na mtaa wao hapa, na msikiti wa Huaisheng wenye mnara mrefu bado upo kwenye eneo hilo. Walikuwa wengi kiasi kwamba waasi wa Huang Chao walipouteka mji mwaka 879, habari za mauaji ya wafanyabiashara wageni ziliandikwa na Abu Zayd wa Siraf. Siraf ilikuwa bandari kubwa ya Uajemi. Na mabaharia wa Siraf hao hao, al-Masudi anatwambia, walikuwa wakienda pia Qanbalu, kisiwa ambacho wanazuoni wengi hukidhania ni Pemba. Yeye mwenyewe alipanda chombo kutoka huko mwaka 916.

Mnaona ninakoelekea? Bandari moja, majahazi yanatoka. Moja linashika upepo wa Uchina, jingine linashika kaskazi kuja kwetu. Huku na huko watu wakakaa kungojea msimu, wakaoa.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya mwambao, zikiwemo Manda na Faza pale jirani zetu. Ilionekana kuwa kuchanganya damu kulianza karibu na mwaka 1000. Asili ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kidogo Uhindi. Wazee wetu waliosema "sisi Washirazi" hawakuwa waongo. Lakini kwa wengi wa watu wale, zaidi ya nusu ya damu ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilitoka zaidi kwa akina mama.

Hapo ndipo niliposimama. Wahui nao leo damu yao kwa sehemu kubwa ni ya Kichina, na lugha yao ni Kichina. Babu alikuja na bahari, lakini bibi ndiye aliyekuwa na nyumba. Ndiye aliyempa mtoto lugha. Sisi tunasema Kiswahili, hatusemi Kiajemi, kwa sababu tulilelewa na bibi yule. Na hadithi zetu zote, ya Mchina, ya Mshirazi, ya Mwarabu, zinamtaja mwanamume aliyeshuka chomboni. Mwanamke aliyempokea hana jina hata moja.

Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa majumbani na mahotelini, wengine wakalala njiani. Maneno ya "sisi ni ndugu tangu enzi za Zheng He" hayakumfungulia mtu mlango. Mimi nilifungiwa ndani, na siku ya tatu mlinzi aliniletea sufuria ya tambi na nyama ya halali. Imetoka kwa yule mzee. Aliyeipika ni mkewe. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana.

Basi ami, jibu lako ni hili: ndiyo, nimewapata. Si watoto wa mabaharia wa Zheng He. Huenda ni watoto wa babu mmoja wa Siraf, na hata kama sio, walinifaa.

Nina ombi moja. Ile silsila iliyoko sandukuni ina majina ya wanaume kumi na moja na haina mwanamke. Mkae na bibi, maadamu yu hai na akili yake timamu, mumuulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake. Muandike, mnitumie.

Wasalaam, na tuombeane dua.