Kikonyo cha Mbimba: safari ya seli hadi kwenye mikahawa ya Mbozi

Ukitoka Tunduma kwa barabara kuu iendayo Mbeya, ukizipita Vwawa na Mlowo, uko katikati ya nchi ya kahawa ya mkoa wa Songwe. Hapa Mbozi kuna miche ya mbegu na kuna miche ya vikonyo, yaani vipande vya machipukizi vilivyooteshwa mizizi. Mche wa mbegu ni mtoto, ana baba na mama. Mche wa kikonyo hauna wazazi wa namna hiyo: ni mti uleule wa zamani ulioanza kuishi upya mahali pengine. Tofauti hii ndiyo iliyowapa wakulima wetu silaha dhidi ya magonjwa, na maarifa yake yalianza kupatikana mbali sana na shamba lolote la kahawa.

Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming, profesa katika Chuo Kikuu cha Kiel, alichapisha kitabu kuhusu seli na jinsi zinavyogawanyika. Alichunguza mabuu ya salamanda, ambao seli zao ni kubwa, akazitia rangi ili kiini kionekane vizuri chini ya hadubini. Aliona nyuzi zikijitokeza ndani ya kiini, na kila uzi ukipasuka kwa urefu wake. Mgawanyiko huo akauita mitosisi. Watafiti waliomfuata walithibitisha kwamba kila nusu huenda kwenye seli yake, hivyo seli mbili mpya hupata urithi uleule. Mwaka 1883 Mbelgiji Edouard van Beneden, akichunguza minyoo ya farasi, alionyesha kwamba yai na mbegu ya kiume huleta idadi sawa ya nyuzi hizo, ambazo leo tunaziita kromosomu. Kumbe uhai una njia mbili: kunakili na kuchanganya.

Magonjwa ya kahawa hutumia sana njia ya kwanza. Vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani lenye kutu ni mamilioni ya spora zilizozaliwa kwa mitosisi, bila ndoa yoyote. Kutu hiyo iliripotiwa Ceylon, sasa Sri Lanka, mwaka 1869, na baadaye ikaangamiza mikahawa ya kisiwa kile. Chulebuni, inayoozesha tunda likiwa bado bichi, iligunduliwa Kenya mwaka 1922. N39 na KP423, aina mbili zilizochaguliwa katika kituo cha utafiti cha Lyamungo, Kilimanjaro, zilisifika kwa ladha lakini hazikuweza kuyahimili magonjwa haya. Mkulima alibaki na bomba la dawa mgongoni, na dawa ni fedha.

Kinga ilitoka kwenye ndoa isiyotarajiwa. Arabika ina kromosomu 44, robusta 22, kwa hiyo hazioani kirahisi. Hata hivyo, katika miaka ya 1920, kisiwani Timor, ulionekana mti chotara wa aina hizo mbili, wenye kromosomu 44 na uwezo wa kuihimili kutu. Damu yake, pamoja na ya kahawa iitwayo Rume Sudan inayovumilia chulebuni, iliingizwa katika kazi ya Lyamungo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2005 chotara waliotokana na kazi hiyo wakaanza kuidhinishwa kwa wakulima.

Hapo likazuka tatizo jingine. Ukipanda mbegu ya chotara, kromosomu huchanganywa upya: mche mmoja unarithi kinga, jirani yake anaikosa. Ndiyo maana kituo cha TaCRI cha Mbimba, wilayani Mbozi, kina bustani mama ya chotara hao. Machipukizi yao yanayokua wima hukatwa vikonyo, vipande vyenye pingili moja, kisha hupandwa ndani ya kisanduku kilichofunikwa nailoni ili unyevu usitoroke. Kwenye jeraha, seli huanza kugawanyika ovyo, zikatengeneza kovu, halafu mizizi. Nastaajabu zaidi kwamba ukichukua tawi la pembeni badala ya chipukizi wima, mche utaota mizizi, ila utaendelea kukua ukilalia upande. Seli zinakumbuka zilikotoka.

Lakini nakala hubeba pia udhaifu wa asili yake, na kila kizazi cha spora humpa adui nafasi ya kubadilika. Honduras ililiona hilo mwaka 2017, pale aina ya Lempira, yenye asili ya Timor, ilipokuwa imepoteza kinga yake dhidi ya kutu. Kwa hiyo naona mkulima wa Mbozi anayechanganya aina kadhaa za chotara katika shamba moja anafanya busara kuliko anayejaza ekari nzima kwa aina moja aliyoisikia ikisifiwa, na wazalishaji wa miche wanapaswa kumwambia hivyo kabla hajalipa.