Kofia ya Chuma na Bitana Yake (Sehemu ya 4)

Tuendelee na historia ya vitu vya kujikinga.

Juzi mwanangu wa miaka saba alikuwa anaangalia video kwenye simu: wanaume wa Ulaya wamevaa chuma mwili mzima kama askari wa zamani, wanagongana vichwa kwa mashoka butu. Ni mchezo kabisa, una marefa na timu za mataifa. Akaniuliza, "Mama, mbona hawafi?"

Swali hilo ninalo tangu mwaka jana. Aliletwa kijana wa bodaboda, kaanguka barabara kuu hapa kwetu Kintinku. Kichwa kimeumia vibaya, hajitambui. Aliyemleta alikuwa ameshika helmeti yake mkononi: nzima, haina hata ufa. Ilimtoka kabla hajafika chini, maana mkanda haukufungwa.

Sasa sikilizeni. Wapiganaji wa farasi wa Ulaya, miaka 600 iliyopita, walishajua kwamba chuma peke yake hakitoshi. Ndani ya kofia walishona bitana ya kitani iliyojazwa sufu au nywele za farasi. Na zile kofia nzito za mashindano ya mikuki zilifungwa kabisa kwenye deraya ya kifuani, zisizunguke wala kuruka.

Kwa nini bitana? Weka yai kwenye kopo la bati, lidondoshe. Kopo zima, yai limepasuka. Zungushia pamba kwanza, halafu jaribu tena. Ubongo ndiyo hilo yai.

Pwani yetu nayo iliziona kofia hizo. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliteka Kilwa mwezi wa saba, na mwezi uliofuata wakaivamia Mombasa. Watu wa Mombasa walipigana kwenye vichochoro, wakirusha mawe toka juu ya nyumba. Mji ukachomwa na kuporwa hata hivyo.

Baadaye bunduki zikashinda chuma, na kofia zikasahaulika kwa muda mrefu. Kwa askari zilirudi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, halafu ikaja zamu ya pikipiki. Mei 1935 Mwingereza maarufu, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki, hana kitu kichwani, akafa baada ya siku sita. Kati ya madaktari walioitwa alikuwepo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka akilini. Mwaka 1941 aliandika kwamba ndani ya miezi 21 ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa Uingereza. Majeruhi aliowaona wakiwa wamevaa helmeti walikuwa saba tu, na wote walipona. Mwaka huohuo jeshi likalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa. Raia wa kawaida walingoja mpaka 1973! Cairns alishafariki zamani.

Miaka ya 1950 Wamarekani wakaongeza ile sponji nyeupe ngumu, inayofanana na ya kwenye boksi la TV. Kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisibonyee. Ikishabonyea hairudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imekwisha hata kama kwa nje inang'aa. Jamani, hapo muwe macho na za mtumba. Na ile kofia ya mjengo anayokupa dereva si ya pikipiki, imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyodondoka toka juu.

Yule kijana tulimpa rufaa kwenda Dodoma. Siku hizi anatembea, ila mkono wa kulia bado mzito, na pikipiki anaiendesha mdogo wake. Anafunga mkanda, nimemwona mwenyewe.

Sehemu ya 5 ni ya watoto wetu tunaowapakata kwenye boda. Chukueni futi ya fundi cherehani, mpime kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi, mje na namba zenu.