Koleo la pua la Ujiji

Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji wakiwa hoi. Burton miguu haina nguvu, Speke macho yamemharibikia kiasi kwamba ziwa lenyewe alikuwa halioni vizuri. Lakini Burton aliandika kila kitu, na kuna kipande kimoja huwa nakirudia. Anasema watu wa ziwani walikuwa na namna yao ya kutumia tumbaku. Waliiloweka kwenye chungu kidogo, wakaikamua, maji yake wakayavuta puani, kisha wakabana pua kwa koleo dogo la mti au la chuma lililoning'inia shingoni, yasitoke haraka.

Kwake lilikuwa jambo la ajabu. Mimi naona nikotini ikipenya ngozi laini ya pua, ikaingia damuni na kufika ubongoni, ikakalia vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya kemikali nyingine, asetilikolini. Dopamini inapanda, ubongo unajifunza kwamba jambo hili lirudiwe. Lile koleo lilikuwa kipimo cha dozi, tena cha watu wenye akili.

Burton alikuwa mwepesi kuhukumu kabila zima. Jeni hazifanyi hivyo. Kimeng'enya cha ini kinachovunja nikotini, CYP2A6, kinatofautiana kati ya mtu na mtu: ambao chao ni cha polepole huelekea kuvuta kidogo. Kwa pombe kuna ADH1B. Aina yake moja, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, huvunja pombe haraka, na wenye nayo wana hatari ndogo kidogo ya kuwa walevi. Ndugu wawili tumbo moja wanaweza kugawana vitu hivi tofauti kabisa.

Kwetu walikuwa wawili. Baba alikunywa tembo la mchikichi ujana wake wote, akaacha mwaka aliofariki Nyerere, basi, hadithi ikaisha. Baba mdogo alianza na tembo hilo hilo, akahamia gongo, na gongo ikamzika. Kikao cha matanga kilijadili laana usiku kucha. Bibi mmoja alitajwa jina, na hadi leo watu hawali kwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka jana mtoto wa baba mdogo, ana miaka 19, anafanya kazi kwenye maboti Kibirizi, aliniuliza, "Kaka, na mimi nitakuwa kama baba?"

Nikamwambia utafiti wa mapacha unaonyesha karibu nusu ya ulevi ni jeni, nusu nyingine ni maisha.

"Mimi nina nusu ipi?"

Nilikuwa nimemjibu vibaya. Ile nusu inapima tofauti kati ya watu wengi, haimpimi mtu mmoja, na hakuna kipimo cha damu ambacho ningempeleka akapime. Nilichoweza kumwambia kwa uhakika ni kwamba mtoto wa mlevi ana hatari zaidi ya jirani yake, na kwamba wengi wao hawawi walevi. Akasikiliza. Wenzake walikuwa wameshalipwa, wanamwita.